Alama ya Kuuliza Haina Msimbo

USHAURI KAZINI

Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 26, nafanya kazi kwenye dirisha la bima katika kituo cha afya cha binafsi mkoani Shinyanga. Kila jioni naletewa rundo la mafaili. Nasoma alichoandika daktari, naweka msimbo wa ugonjwa wa ICD-10, kisha natuma madai. Daktari wetu ana wagonjwa wengi, kwa hiyo anaandika kwa mkato: "? mawe ya figo", "UTI?", "apimwe mkojo", basi.

Mwaka jana madai yetu yalikatwa sana. Mkuu wa kituo akaagiza kila aliyepimwa mkojo aandikwe N39.0, yaani maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), na kila aliyepigwa altrasaundi ya figo aandikwe N20.0, yaani mawe ya figo, ili kipimo kilipwe. Nimetii, lakini madai bado yanakatwa.

Hivi karibuni mwalimu mmoja, mgonjwa wetu wa siku nyingi, alikuja dirishani na karatasi za hospitali ya rufaa. Kwetu aliandikwa mawe ya figo mara tatu. Kule wamemkuta na kichocho. Akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Binti, ni nani aliyeniandikia mawe?" Nilikosa jibu, maana aliyeingiza ni mimi.

Naomba unisaidie mambo matatu. Niweke msimbo gani kama ugonjwa haujathibitika? Mwalimu nimwambie nini? Na bosi nimwingie vipi bila kupoteza kazi?

Karani wa Bima, Shinyanga

*

Binti yangu,

Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu hayo mawili mengine yanalitegemea. Msimbo wa ugonjwa unajibu swali moja tu: mgonjwa huyu alipotoka kwa daktari leo, tulikuwa tunajua nini? Hauulizi daktari alishuku nini, wala kipimo gani kilipwe. Mwongozo wa ICD-10 wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unalisema hili wazi. Ikiwa huduma imekwisha na ugonjwa haujathibitika, huandikwa dalili, au matokeo ya kipimo yasiyo ya kawaida, au tatizo lililomleta mgonjwa. Ugonjwa wa "huenda" hauandikwi. Kwa hiyo "? mawe ya figo" si N20.0. Alama ya kuuliza haina msimbo, na wewe unapoiondoa ili mfumo ukubali, unageuza swali la daktari kuwa jibu. Mamlaka hayo huna, na mkuu wa kituo hawezi kukupa.

Ndiyo maana ICD-10 ina sura nzima ya 18, yenye misimbo ya herufi R, kwa ajili ya dalili na matokeo ya vipimo ambayo bado hayajapata jina la ugonjwa. Makarani wengi huiogopa R wakidhani ni msimbo wa uvivu. Ni msimbo wa ukweli wa siku hiyo. Mawe na magonjwa mengine ya figo na njia ya mkojo yako sura ya 14, herufi N. Kazi yako kubwa kila jioni ni kujua kama karatasi iliyo mbele yako imeshavuka kutoka R kwenda N, au bado.

Tumfuate mgonjwa mmoja uone inavyokwenda. Anaingia saa tano usiku ameshika ubavu wa kushoto. Maumivu yanakuja kwa mawimbi, yanashuka hadi kinenani, anatapika, hatulii kitandani wala kwenye benchi. Daktari akiandika kwamba haya ni maumivu makali ya figo na chanzo hakijajulikana, msimbo ni N23. Huo umewekwa makusudi kwa hali hiyo. Kama daktari ameandika tu "maumivu ya tumbo" bila kuelekeza kwenye figo, ni R10.4. Kesho yake mkojo unapimwa, damu inaonekana, na bado hakuna aliyeliona jiwe. Damu hiyo ni R31.

Sasa anapigwa altrasaundi, na ripoti inasema kuna jiwe ndani ya figo. Hapo ndipo unapoandika N20.0. Jiwe likiwa limeshuka kwenye mrija unaotoka kwenye figo kwenda kibofuni, ni N20.1. Yakiwa pote pawili, N20.2. Likiwa kibofuni ni N21.0, na likiwa limekwama kwenye njia ya kutokea mkojo ni N21.1. Daktari akiandika "mawe ya njia ya mkojo" bila kutaja mahali, usikimbilie N20.9. Rudisha faili umuulize ni wapi, maana ripoti ya altrasaundi mara nyingi imeshasema.

Kuna jambo linawapita hata wazoefu. Ripoti ikisema jiwe lipo na figo imevimba kwa sababu mkojo umezuiwa, msimbo si N20 tena. Ni N13.2, na ICD-10 yenyewe inakuondoa kwenye N20 ikikuelekeza huko. Kukiwa na maambukizi juu ya kuziba huko, inakuwa N13.6. Huyo si mgonjwa wa kusubiri foleni ya bima. Figo iliyoziba yenye maambukizi ni dharura, inaweza kusambaza vimelea kwenye damu kwa muda mfupi. Ukiona kwenye karatasi homa, kutetemeka na jiwe lililoziba, mpigie daktari kabla hujagusa kibodi.

Na yule aliyewahi kuwa na jiwe, likatoka, amekuja tu kuangaliwa na altrasaundi haioni kitu? Huyo hana N20.0. Ana historia ya ugonjwa wa njia ya mkojo, Z87.4. Historia hiyo ina maana, kwa sababu mawe hupenda kurudi, lakini historia si jiwe.

Tuje kwenye mkojo wenyewe, kwa maana hapa ndipo agizo la bosi wako linapoharibu zaidi. Mkojo unaweza kusema mengi. Unaweza kuonyesha damu, usaha, protini, sukari, au vimelea. Kitu kimoja ambacho hauwezi kukuonyesha ni jiwe lililoko ndani ya figo. Kijiti cha kupimia kinabadilika rangi kwa damu, ila kinabadilika pia kwa mambo mengine, ndiyo maana mtu wa maabara anapaswa kuthibitisha kwa hadubini kwamba kweli chembe nyekundu zipo. Na hata damu ikiwepo, sababu ni nyingi: jiwe, maambukizi, kichocho, uvimbe, au sampuli ya mama aliyekuwa kwenye siku zake. Upande wa pili, wapo wenye jiwe kabisa ambao mkojo wao hauna damu. Kwa hiyo damu haithibitishi jiwe, na kukosekana kwa damu hakulifuti.

Rangi peke yake ndiyo isiyoaminika kabisa. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampisini hukojoa mkojo wa rangi ya chungwa au mwekundu, na hiyo si damu. Karani akiona kwenye maelezo "mkojo mwekundu" na akaandika R31 bila matokeo ya maabara, ameandika damu isiyokuwepo.

Utakutana pia na majibu yanayosema "fuwele za kalsiamu oksaleti". Hapa wengi huteleza, kwa sababu ni kweli mawe mengi ya figo yametengenezwa na kalsiamu oksaleti. Lakini fuwele kwenye mkojo si jiwe kwenye figo. Hata watu wenye afya hukojoa fuwele. Na mkojo ukiachwa mezani muda mrefu, au ukipoa, fuwele hujitengeneza ndani ya kikopo. Zikiwa peke yake, na daktari ameona zinastahili kuandikwa, ziko R82.9. Protini ambayo haijapata maelezo ni R80, na sukari kwenye mkojo ni R81.

Kuhusu UTI, maneno ni hayo hayo. N39.0 ni maambukizi ya njia ya mkojo yaliyoamuliwa na daktari. Si malipo ya kikopo cha mkojo. Daktari anaamua kwa kuunganisha dalili, yaani mkojo kuchoma, kwenda haja mara kwa mara, maumivu chini ya kitovu, pamoja na matokeo: chembe nyeupe, naitraiti, au vimelea vilivyooteshwa. Mkojo ulioota vimelea kwa mtu asiye na dalili yoyote unaweza kuwa R82.7 tu, kama daktari hakuamua kwamba ni ugonjwa. Mama mjamzito ana sura yake, na maambukizi ya njia ya mkojo kwa mjamzito yako O23.

Wakati mwingine tatizo liko kwenye sampuli. Mgonjwa akijaza kikopo tangu tone la kwanza, vimelea vya ngozi huingia humo. Anatakiwa ajisafishe, aache mkojo wa mwanzo upite, achukue wa katikati. Na sampuli ipimwe ndani ya saa mbili, au iwekwe kwenye friji, kwa sababu vimelea huzaliana kikoponi kwenye joto. Mkojo uliochukuliwa asubuhi ukapimwa alasiri unaweza kumpa mtu UTI ambayo hakuja nayo. Mkumbushe nesi wa mapokezi awaambie wagonjwa. Hatua hiyo haigharimu chochote, na inapunguza majibu yanayokushangaza jioni.

Halafu kuna wale wasio wagonjwa kabisa. Mtu aliyekuja kupimwa afya kwa ajili ya kuajiriwa ni Z02.1. Aliyekuja kuangalia afya yake kwa jumla ni Z00.0. Inawezekana mfuko wake wa bima haulipii hilo. Basi atalipa taslimu, na aambiwe kabla hajaingia maabara. Kumpa UTI ili kikopo chake kilipwe ni kumwandikia ugonjwa mtu asiye mgonjwa.

Onyo moja kabla sijaendelea. Ukitafuta misimbo kwenye simu, mingi itakayokuja juu ni ya toleo la Marekani, ambalo limeongezewa tarakimu kwa mahitaji yao. Ukiona Z87.442 au R31.21, jua umetua huko. Mingine inafanana, N20.0 ni ile ile, ndiyo maana inadanganya. Shika orodha iliyomo kwenye mfumo wa mfuko unaoudai. Siku mtakapohamia ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, utakuta jiwe la figo limehamia GB70.0, lakini kanuni ya kutoandika kisichojulikana haijahama.

Sasa yule mwalimu.

Kwanza uelewe alichopoteza. Shinyanga ni nchi ya malambo na majaruba ya mpunga, na kichocho cha mkojo kiko huko tangu zamani. Konokono wa majini hubeba vimelea, mtu akiingia majini vinapenya kwenye ngozi, na baadaye mayai hutoka kwa mkojo pamoja na damu. Kama mwalimu alikua akiogelea lambo moja na wenzake, hakupaswa kuwa fumbo gumu. Msimbo wake ni B65.0.

Fikiria kama faili lake lingekuwa na dalili yake ya kweli, tuseme R31, mara tatu. Daktari angelifungua mara ya nne akaona mtu anayekojoa damu kila anapokuja bila sababu kujulikana, akauliza damu hii inatoka wapi. N20.0 mara tatu humfanya daktari huyo huyo aandike dawa ya maumivu, amwambie anywe maji, amwite anayefuata. Msimbo wa kweli ungeacha swali wazi, na msimbo wa uongo ulilifunga. Hii ndiyo hasara isiyoonekana kwenye ripoti ya makato ya bima. Na si ndogo: kichocho cha mkojo kikikaa miaka bila tiba huharibu kibofu, na tangu 1994 shirika la WHO linaloshughulikia utafiti wa saratani limekiweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Dawa yake, prazikwanteli, mara nyingi humezwa kwa siku moja tu, kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa.

Mweleze na mtu wa maabara yako jambo moja ambalo linaweza kumwokoa mwingine. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa alfajiri unaweza kuonekana safi, ilhali wa saa sita una mayai. Daktari akishuku kichocho, aandike saa ya kuchukua sampuli. Inawezekana pia mtu akawa na vyote viwili, kichocho na mawe yaliyotokana nacho. ICD-10 imeliona hilo: unaandika B65.0 kwanza, kisha N22.0, na hiyo ya pili haisimami peke yake.

Kwa hiyo mwalimu umwambie nini? Usimwambie "mfumo ulikosea". Mfumo hauandiki. Mwombe mwingie chumba ambacho foleni haisikii, pamoja na daktari, kisha mseme hivi kwa maneno yenu: "Mwalimu, mara zote tatu daktari alishuku mawe, hakuyathibitisha. Sisi tuliandika kama vile yamethibitika. Haikuwa sahihi, na tunarekebisha faili lako leo." Mwonyeshe ripoti za altrasaundi za siku zile. Msihi amalize ufuatiliaji wa hospitali ya rufaa na arudi kupimwa mkojo baada ya tiba kama alivyoelekezwa. Akikasirika, mwache akasirike. Ana haki.

Marekebisho yenyewe yafanywe na daktari, si wewe. Kwenye karatasi, apige mstari mmoja juu ya maneno ya zamani ili bado yasomeke, aandike sahihi yake, tarehe, na sababu ya kubadilisha. Msifute kwa wino mweupe, wala msichomoe ukurasa. Madai yaliyokwisha kulipwa kwa ugonjwa usiokuwepo, kituo kiuandikie mfuko kikiomba kuyasahihisha. Na wewe usijaribu kumhurumia mwalimu kwa kuandika B65.0 kwenye mahudhurio ya zamani. Siku zile hakuna aliyejua kichocho. Siku zile ziwe dalili zake tu.

Nimeacha bosi mwisho kwa sababu utamwendea ukiwa na kitu mkononi.

Usianze na sheria, wala usianze na mwalimu. Anza na fedha, kwa kuwa ndizo zilizomfanya atoe agizo. Chukua madai yaliyokatwa ya miezi mitatu, uyapange mafungu manne: yaliyokosa saini au taarifa za mgonjwa, yaliyozidi bei au yasiyo kwenye mafao, yasiyo na sababu ya kipimo kwenye maelezo ya daktari, na yale ambayo ugonjwa ulioandikwa unapingana na matokeo. Hesabu kila fungu na thamani yake kwa shilingi.

Fungu la nne ndilo litakalozungumza. Dai linasema N20.0, na ripoti iliyobandikwa nyuma inasema figo zote mbili ziko sawa. Dai linasema N39.0, na jibu la maabara halina chembe nyeupe, halina naitraiti, halina kitu. Mhakiki wa mfuko hahitaji kuwa mpelelezi. Karatasi yenu wenyewe imewashitaki. Linganisha na dai linalosema R31 pamoja na maumivu ya ubavu, halafu altrasaundi ya figo. Hapo kipimo kina sababu, na ripoti ikitoka safi haipingani na lolote. Siwezi kukuahidi kwamba kila R italipwa, kwa kuwa kila mfuko una masharti yake. Ninachosema ni kwamba dai lenye dalili ya kweli linaweza kutetewa. Lile lenye ugonjwa wa kubuni haliteteeki hata mkikata rufaa.

Kisha mpe suluhisho linalomfaa na daktari pia, maana chanzo cha yote haya ni maelezo mafupi mno. Omba litengenezwe muhuri wa mpira wenye mistari mitatu ya kujaza, au kama mnatumia kompyuta, fomu fupi ya namna hiyo:

Dalili: ............
Sababu ya kipimo: ............
Hitimisho la leo: ............

Badala ya "? mawe ya figo", daktari atajaza: dalili ni maumivu ya ubavu wa kushoto na damu kwenye mkojo; sababu ya kipimo ni kuangalia kama kuna jiwe au kuziba; hitimisho la leo ni damu kwenye mkojo, chanzo hakijajulikana, arudi na jibu la altrasaundi. Neno "jiwe" limetajwa, shaka yake imehifadhiwa, na msimbo wako uko kwenye mstari wa tatu bila kubahatisha. Haimchukui daktari dakika.

Ukikaa na mkuu, sema kwa adabu lakini usizungukezunguke: "Mkuu, nimepitia makato ya miezi mitatu. Kiasi hiki kimekatwa kwa sababu ugonjwa tuliouandika unapingana na majibu yetu. Naomba ruhusa tujaribu mwezi mmoja: mimi niandike kilichothibitika tu, daktari ajaze mistari mitatu, halafu tulinganishe." Umemheshimu, umemwonyesha hasara, umempa majaribio yenye mwisho. Mkuu mwenye akili hatakataa.

Mkumbushe na jambo la pili, ambalo halihusu mfuko wowote. Misimbo hii haikuzaliwa kwa ajili ya malipo. Ilianza kama orodha ya sababu za vifo aliyoiandaa Jacques Bertillon wa Ufaransa, ikakubaliwa mjini Chicago mwaka 1893, ili nchi ziweze kuhesabu kinachowaua watu wao. WHO iliichukua mwaka 1948. Kwenye kituo chenu hesabu hiyo inapitia kwenye rejesta za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mkijaza UTI kwa kila aliyepimwa mkojo, takwimu za wilaya zitaonyesha wingi wa UTI usiokuwepo, antibayotiki zitaagizwa na kumezwa bila sababu, na usugu wa dawa utaongezeka. Wakati huo huo kichocho kitapotea kwenye karatasi katika eneo ambalo bado kipo, na asiyehesabiwa haagiziwi dawa.

Na akikataa? Mwombe agizo lake akupe kwa maandishi. Mwambie hivyo bila ukali, kwamba unahitaji kulihifadhi kwenye faili la ofisi. Maagizo mengi mabaya huishia hapo, kwa sababu hakuna anayetaka saini yake juu yake. Akiendelea kukushinikiza kwa mdomo, jua unachoombwa kufanya: kumwandikia mtu ugonjwa asiokuwa nao ili fedha itoke ni udanganyifu. Mfuko ukigundua unaweza kudai fedha zake na kuvunja mkataba na kituo, na jina la kuingilia kwenye mfumo kwenye kila dai ni lako. Weka daftari lako la tarehe na maagizo uliyopewa, bila majina ya wagonjwa. Zungumza na daktari, ambaye naye jina lake liko kwenye dai na leseni yake iko hatarini zaidi kuliko kazi yako. Mkiwa wawili mtasikilizwa zaidi. Na ikishindikana kabisa, unaweza kuupelekea mfuko wenyewe taarifa, na kada yako ya kumbukumbu za afya ina soko. Vituo vinatafuta watu wanaojua kutofautisha N13.2 na N20.0.

Lakini usianze na hatua ya mwisho. Kesho jioni, kwenye rundo lako la kwanza, tenga mafaili yote yenye alama ya kuuliza, uyapeleke kwa daktari kabla hajaondoka, umuulize kila moja: "Dokta, hili tumelijua, au bado tunalitafuta?" Akisema "bado", andika dalili. Akisema "tumelijua", mwombe akuonyeshe jibu lililomjulisha, uliambatishe kwenye dai.